Mume wangu anataka tuchome sanduku zima la makaratasi

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni muuguzi, nina miaka 38, naishi Tabata na mume wangu na watoto wawili. Mungu akijalia mwezi ujao tunahamia kwetu Chanika. Nyumba haijaisha, lakini vyumba viwili vina madirisha na choo kipo, basi tumesema potelea mbali, heri mbu wa kwetu kuliko kodi ya mwenye nyumba.

Ugomvi umeanzia kwenye kufungasha. Chini ya kitanda tuna sanduku la bati, lile lile nililoendea bodingi, limejaa makaratasi mpaka kifuniko hakishuki. Pembeni yake kuna salfeti nzima ya mengine. Kuna salari slipu zangu tangu Machi 2011 nilipoanza kazi hospitali binafsi, stetimenti za benki, risiti za luku zisizo na idadi, risiti za saruji na nondo, mkataba wa kiwanja, mkataba wa mkopo wa benki niliochukua 2016 nikamaliza 2019, makaratasi ya Bodi ya Mikopo ambayo walinikata hadi nikamaliza, vijitabu vya vikoba viwili (kimoja kilivunjika kwa matusi), risiti za ada za watoto, mkataba wa bajaji tuliyoiuza 2020, na mikataba ya hapa tunapopanga. Mume wangu ana duka la vipuri vya pikipiki, na yeye naye ana mzigo wake humo humo.

Yeye anasema tuchome vyote, siku hizi kila kitu kiko kwenye simu. Mimi ni mtoto wa mwalimu. Baba alitunza hata risiti ya baiskeli, na mkono wangu unakataa kutupa. Tumezozana wiki nzima.

Sasa juzi jioni nikamtuma mwanangu karanga za kukaanga. Akaja nazo kwenye ile pembe ya karatasi. Nakula nasoma, nikaona jina ninalolijua: ni nusu ya salari slipu ya baba mmoja wa mtaa wetu, na namba ya akaunti, na makato ya mkopo, na kinachobaki. Mjomba, karanga hazijaisha nimeshajua baba wa watu anaishije. Nikaingiwa na hofu. Salfeti langu nalo nikilitupa litaishia wapi?

Naomba uniambie nitunze nini, nitupe nini, na nikitupa nitupeje. Kile kikaratasi bado ninacho kwenye mkoba, sijui nimpelekee mwenyewe au ninyamaze.

Mwenye sanduku, Tabata


Marahaba mwanangu, na hongera kwa Chanika. Mbu mtawazoea.

Nianze na karanga zako. Karatasi za ofisi huuzwa kwa kilo. Anayezinunua hana habari na kilichoandikwa juu yake, anatafuta upande mweupe na ugumu wa kushika mafuta. Kutoka hapo zinakwenda kwa muuza karanga, mama vitumbua, na bucha za uchochoroni. Stesheni za kutoa kopi nazo ndiyo usiseme: umepeleka kitambulisho cha NIDA kutolewa kopi, ya kwanza imetoka imepinda, kijana anaitupa kwenye boksi chini ya meza na wewe unaondoka na ile nzuri. Ile iliyopinda ina namba zako zote 20 na picha yako. Kuanzia leo, kopi iliyoharibika ichukue. Umeilipia.

Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, kwa hiyo kama ni mwajiri aliyeacha slipu ile itoke nzima, amekosea kisheria, siyo kiungwana tu. Matapeli nao wamekua. Wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" walikuwa wanabahatisha. Mtu mwenye slipu mkononi habahatishi. Anakupigia anakutaja jina, anataja mwajiri wako, anataja makato ya mkopo mpaka shilingi ya mwisho, anasema kuna marejesho yako yamekwama, taja namba ya siri tuyafungue. Nani asingemwamini? Kwa hiyo kwenye hili mkwe wangu ana haki nusu: karatasi isitoke kwenu ikiwa nzima. Nusu ya pili, ile ya kuchoma vyote, hapo namkatalia.

Mimi nimekaa nyuma ya meza ya uhasibu mpaka nikastaafu. Kila karatasi ninaiuliza hivi: hii ikipotea, nani mwingine anayo, na siku nikiihitaji atakuwa na sababu ya kunipa? Risiti ya luku, TANESCO wanayo na umeme wake ulishauwasha. Tupa zote, hata kodi ya jengo iliyokatwa humo tangu Agosti 2021 inajulikana kwa namba ya mita. Andika namba ya mita ya Chanika mahali, tunza risiti ya kuunganishiwa umeme, basi. Vikaratasi vya ATM tupa. Stetimenti za benki tupa pia, benki watakuchapia nyingine kwa ada ndogo, isipokuwa ule ukurasa unaoonyesha hela ya kiwanja ikitoka au hela yoyote kubwa iliyokwenda kwa mtu. Huo uchomoe uuweke pamoja na mkataba wa jambo lenyewe. Risiti za ada za shule, tunza mpaka mtoto aondoke shule hiyo na cheti chake mkononi. Shule zina kawaida ya kukumbuka madeni siku ya kuchukua cheti.

Ukishaondoa hayo, salfeti limekwisha. Tuje kwenye sanduku.

Salari slipu usiguse hata moja. Nitakueleza kwa nini. Wewe ulianza 2011 hospitali binafsi, kwa hiyo huenda ulikuwa kwenye mfuko wa pensheni wa PPF, au NSSF, sijui. Kama ulikuwa PPF, mwaka 2018 mifuko ile iliunganishwa ikazaliwa PSSSF ya watumishi wa umma, na ninyi wa sekta binafsi mkahamishiwa NSSF. Michango yako ikasafiri kutoka daftari moja kwenda daftari jingine. Mzigo ukihamishwa, mara nyingi kijiko kimoja hubaki nyumba ya zamani. Pensheni ya NSSF inataka miezi 180 ya michango, yaani miaka 15. Siyo 178. Nimeona mzee wa watu ana miezi 176 kwenye kompyuta na 181 kichwani mwake. Kwa mwajiri alikuta jengo limekuwa ukumbi wa harusi. Kilichomwokoa ni slipu tano zilizokuwa ndani ya Biblia ya mkewe, zikionyesha mshahara umekatwa mchango miezi ile ile inayokosekana.

Mwajiri wako kisheria anatakiwa atunze kumbukumbu zako miaka 5 baada ya wewe kuondoka kazini. Baada ya hapo akizitupa hana kosa. Na wewe kustaafu kwa hiari ni miaka 55, una miaka 17 mbele. Nani atakuwa na kumbukumbu za Machi 2011 wakati huo kama siyo wewe? Na usiniambie zinajaza nafasi. Slipu za miaka 14 ni karatasi 168, ukizibana na klipu hazizidi unene wa kidole gumba. Kabla hujahama, chukua taarifa ya michango NSSF, keti na slipu zako, weka tiki mwezi kwa mwezi. Mwezi ulioruka, nenda nao wakati hospitali ingali ipo na mhasibu wake angali anakukumbuka. Hiyo ni kazi ya Jumamosi moja na chai.

Sasa kuna jambo limenishtua kwenye barua yako. Nimeisoma orodha mara mbili. Umetaja mkataba wa mkopo wa 2016. Umesema ulimaliza 2019. Barua ya benki ya kumaliza deni iko wapi? Sijaiona.

Hili ni kosa la watu wengi, wasomi kwa wasiosoma. Tunatunza karatasi iliyofungua deni, kwa sababu siku ile tulivaa vizuri tukatia saini mbele ya ofisa. Siku ya kumaliza hakuna sherehe, makato yanakoma tu, mtu anashukuru Mungu anaendelea na maisha. Halafu miaka saba baadaye anaomba mkopo mwingine anaambiwa jina lake lina deni, kwa sababu kuna shilingi elfu nane za riba zilibaki kwenye mfumo na hakuna aliyezifuta. Siku hizo mkataba haukusaidii kitu, unathibitisha tu kwamba ulikopa. Kwa hiyo nenda tawini kwako wiki hii, omba barua ya kumaliza deni yenye muhuri, na uulize kama taarifa imepelekwa kwenye kampuni za taarifa za mikopo. Hapa nchini zenye leseni ya Benki Kuu ni pamoja na Creditinfo na Dun & Bradstreet, na benki yoyote utakayokwenda kukopa itachungulia huko kwanza.

Bodi ya Mikopo ni vilevile. Walikukata sehemu ya mshahara mwezi kwa mwezi, na kila makato yanaonekana kwenye slipu (unaona zinavyofanya kazi mara mbili?). Kama umemaliza, chukua uthibitisho wao wa kumaliza. Ukishaupata, uutunze pamoja na cheti cha chuo, hauna siku ya kuutupa. Na kama uliwahi kukopa hizi kausha damu za mtaani, usicheke, wengi wamekopa, basi hakikisha fomu uliyosaini na kadi ya benki waliyoshika kama dhamana vimerudi mkononi mwako. Neno la mdomo la "tumemalizana mama" halitoshi.

Kikoba kilichovunjika kwa matusi nacho kimenichekesha, lakini kijitabu usitupe. Madai ya mkataba mahakamani yana ukomo wa miaka 6. Hesabu kutoka mwaka kilipovunjika. Ikishapita, kichane. Kile kinachoendelea, kijitabu kinakaa mpaka mgawanyo, na ukurasa wenye saini za mgao unabaki.

Bajaji je? Mliiuza 2020, mna mkataba. Swali ni kama aliyenunua alibadilisha jina la umiliki TRA. Wengi hawabadilishi, wanaogopa gharama. Faini za barabarani hufuata namba ya chombo, na namba inamfuata aliyeandikwa. Siku bajaji ikimgonga mtu Gongo la Mboto, jina litakalosomwa kituoni ni la mumeo. Mkataba ule wenye tarehe, saini na nakala ya kitambulisho cha mnunuzi ndiyo kinga yake. Mwambie akague umiliki, na mpaka aone jina limebadilika, karatasi hiyo ailinde kama pasipoti.

Na kabla hujatoka Tabata, mwombe mwenye nyumba akuandikie mistari miwili: fulani ameondoka tarehe hii, hadaiwi kodi, maji wala taka, ufunguo umekabidhiwa. Saini yake, saini yako, jirani mmoja ashuhudie. Atasema hakuna haja, tunaaminiana. Mwambie ndiyo maana unaiomba sasa, mkiwa bado mnaaminiana.

Ya kiwanja sina haja ya kukuhubiria. Mkataba wa mauziano, risiti ya malipo, barua ya serikali ya mtaa, karatasi za mpimaji kama alipita, majina na simu za mashahidi: hivyo vinakwenda hadi kwa wajukuu. Madai ya ardhi yana ukomo wa miaka 12, na Dar es Salaam hii mtu anaweza kukutokea mwaka wa 11 akisema baba yake hakuwahi kumuuzia aliyekuuzia.

Ila risiti za saruji na nondo ndizo watu huzidharau, nami nakuomba usizidharau. Siku mkiuza nyumba hiyo, au watoto wakiiuza, TRA wanaweza kudai kodi ya ongezeko la mtaji. Kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, na faida ni bei ya kuuzia toa gharama mnazoweza kuzithibitisha. Zingatia neno kuthibitisha. Mifuko ya saruji uliyoilipia kwa jasho lakini huna risiti, kwenye hesabu ile inahesabika kama hukuinunua, na nyumba iliyokugharimu roho inaonekana kama uliiokota.

Hapo kuna ubaya mmoja. Risiti za mashine za EFD, zile za kodi madukani, zinachapwa kwa joto, hazina wino. Karatasi yenyewe ndiyo inayobadilika rangi. Ikikaa juani, au kwenye mfuko wa nailoni, au ikishikwa na mikono yenye mafuta, baada ya mwaka au miwili unabaki na kikaratasi cheupe kama cha bahati nasibu iliyokosa. Zitoe fotokopi sasa, nne nne kwenye ukurasa mmoja, ziandike kwa kalamu pembeni ni za nini: "mabati, chumba cha nyuma". Piga na picha, uhakikishe namba ya uhakiki inasomeka. Usizipeleke kulaminishwa! Mimi, mhasibu mzima, niliwahi kupeleka risiti ya jenereta ilaminishwe ili idumu. Mashine ile inafanya kazi kwa moto. Ilitoka nyeusi kama kaniki, kijana wa stesheni akanitazama, nikamlipa shilingi elfu moja yake nikaondoka kimya.

Sasa mkwe wangu na simu yake. Asidhani namdharau. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua nyaraka za kielektroniki, na kwa mambo mengi picha safi inatosha. Lakini ujumbe wa muamala unakaa ndani ya simu, na simu inakaa ndani ya mfuko wa suruali ndani ya daladala. Aliyewahi kuibiwa simu Mbagala anajua ujumbe wa miaka mitatu unapokwenda. Picha zitumwe kwenye baruapepe yenu wenyewe, kwenye kundi la familia la WhatsApp hapana. Hati ya kiwanja na mikataba iliyosainiwa kwa mkono, picha ni ya kukumbushia tu, ya asili ibaki.

Mzigo wa duka lake tena hana uhuru nao. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inamtaka atunze kumbukumbu za biashara kwa miaka 5. Akichoma risiti za manunuzi za mwaka juzi halafu maofisa wakaja kukagua, watamkadiria wanavyoona wao, na macho yao ni makubwa. Zilizopita miaka hiyo na hazina mgogoro, achome kwa raha zake.

Namna ya kuharibu. Mashine ya kukata karatasi hamna na hamuihitaji. Kuchoma kunafaa, ila watu hukosea: wanarusha bunda zima motoni, linaungua kingo, katikati linabaki kama kitabu kilichochomwa na jua, kila namba inasomeka. Tawanya karatasi moja moja, ukoroge majivu kwa kijiti. Risiti za EFD na za ATM usichome kwenye jiko unalopikia, zina kemikali. Mimi napenda njia ya ndoo: chana vipande, mimina maji na sabuni ya unga, acha ilale. Asubuhi ponda kwa mikono kama unakanda unga wa chapati. Ukimaliza una uji wa kijivu ambao hata mwandishi wake hautambui. Watoto wataifurahia kazi hiyo kuliko kuosha vyombo. Kadi za benki za zamani kata kwa mkasi ukipitia katikati ya kile kidude cha dhahabu, na vipande uvitupe siku mbili tofauti.

Kitakachobaki kwenye sanduku hakitafika hata nusu. Chanika mchwa wapo, tena wana adabu mbaya, wanapanda kutoka sakafuni wakati nyumba haijapigwa plasta. Sanduku likae juu ya tofali mbili, mbali na ukuta, na usifunge karatasi kwenye nailoni, zitatoka jasho. Nakala za kiwanja, vyeti na uthibitisho wa kumaliza madeni mpelekee mama yako, nyumba nyingine kabisa. Na mumeo aonyeshwe kila kitu kilipo, hata kama anapiga miayo.

Kile kikaratasi cha kwenye mkoba, mpelekee mwenyewe. Kikunje mara mbili, mpe akiwa peke yake, mwambie ulikipata kwenye karanga na ukaona jina lake. Mshahara usiutaje. Atajua umeuona, wewe utajua anajua, na mtasalimiana vizuri mpaka siku ya kuhama.

Mjomba